Mwili Unaojua Kujituliza

Ekerenyo,
9 Februari 2025

Mpendwa wifi, Mama Natasha,

Bwakire buya. Natumai Moshi imekupokea vizuri na masomo hayajakukondesha. Sisi huku tu wazima. Jua limewaka wiki mbili mfululizo, majani chai yamepungua, na mume wangu Mogire anasema kule kiwandani Itumbe wanamaliza kazi mapema. Bado anakuja nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili, kwa hiyo siku za katikati niko peke yangu na madaftari ya wanafunzi.

Jumamosi nilipita kwenu Kiogoro. Natasha wako ameanza kuandika herufi N. Ameiandika ukutani, mlangoni, na kwenye begi la Bosire la dukani. Bosire alitaka kupaka rangi ukuta, Mama akamwambia asiguse mpaka mama wa mtoto arudi auone. Huyo kaka yangu anapika siku hizi, wifi. Hapiki vizuri, lakini anapika.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ninayo. Nikikupigia nitasema niko sawa, maana mdomo wangu umezoea hivyo. Tena Ekegusii chako ni cha salamu na cha kununua ndizi, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili; nikiwa na jambo zito napenda kulipanga kwenye karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Nina mimba ya wiki tisa.

Wewe ndiye uliyeujua ugonjwa wangu kabla yangu. Ulipoona ule wekundu umekaa mashavuni kama kipepeo, ukanivuta mkono hadi maabara yenu mjini, na daktari akasema ni lupasi, kinga ya mwili imegeuka inaupiga mwili wenyewe. Miaka minne sasa. Mwaka jana nilimwambia daktari ninataka mtoto. Akanibadilishia vidonge, akanipa vile ambavyo alisema havimdhuru mtoto, akaningoja hadi figo zitulie. Ametulia yeye na nimetulia mimi, lakini nikilala nawaza. Mtoto huyu nusu yake ni Mogire, mtu mwingine kabisa. Mwili wangu umeshindwa kuyaacha magoti yangu mwenyewe. Huyu utamwachaje?

Anayejua ni Mogire peke yake. Mama hajui hata jina la ugonjwa. Anaamini ni baridi ya mifupa, na kila nikienda ananipa mafuta ya kujipaka. Ungekuwa wewe, ungemwambia?

Nijibu kwa karatasi.

Wifi yako,
Nyaboke


Moshi,
2 Machi 2025

Wifi yangu Nyaboke,

Barua yako ilikaa posta siku nane kabla sijaambiwa ipo. Mimi ni mzima. Nimejifunza kusema "naomba". Wiki ya kwanza niliingia mkahawani nikasema, "Nipe chai na chapati mbili," na mama mwenye mkahawa akanitazama kama niliyemvunjia sahani. Sasa naomba kila kitu, hata kiti. Mwambie Natasha mlima nimeuona mara tatu tu. Siku nyingine huwa umejifunika. Na mwambie Bosire asipake rangi ukuta.

Hongera, wifi. Nimeandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, nikatembea hadi getini na kurudi.

Swali lako ndilo lililonitoa Kisii nikamwacha mtoto wa miaka mitatu. Miaka yote maabara nilidhani, kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba chembe nyeupe za damu ni askari, na kinga nzuri ni askari wengi na wakali. Kumbe nusu ya kazi ya kinga ni kujizuia. Nakueleza kama ninavyoelewa.

Kifuani, nyuma ya ule mfupa wa katikati, kuna tezi ndogo laini. Chembe changa hutoka kwenye uboho wa mifupa na kwenda huko kupimwa. Huonyeshwa vipande vya mwili wenyewe, kidogo cha ini, kidogo cha ngozi, kidogo cha tumbo. Chembe inayokirukia kwa nguvu kipande cha nyumbani hufa hapohapo. Katika mia zinazoingia, zinazotoka hai hazifiki tano. Nilimuuliza mwalimu wetu kwa nini mwili unapoteza kiasi hicho. Akasema, "Moja tu ikikosea, anaumia mwenye mwili."

Hata hivyo baadhi ya zile zenye kosa huponyoka. Ni hivyo kwa kila mtu, si kwako tu. Ndiyo maana mwili umeweka chembe za namna nyingine, zinazozunguka pamoja na zile kali na kuzizuia. Mimi naziita za kutuliza. Si nyingi. Katika chembe mia za ukoo wao, labda tano, labda kumi. Zinanyonya chakula ambacho zile kali zinakihitaji ili ziongezeke, zinatoa kemikali za kupoza, zinawaambia wapiga mbiu, zile chembe zinazoamsha nyingine, washushe sauti.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuja kwenu siku ya soko? Kijana fulani alishikwa karibu na stendi ya boda boda, wakasema ameiba simu, na kufumba na kufumbua kila mtu alikuwa na jiwe. Nilishindwa hata kukimbia. Halafu yule mama muuza ndizi akapita katikati yao, akamwekea kijana mkono begani na kusema, "Ngojeni. Huyu ni fundi wetu wa baiskeli." Hakumpiga mtu. Hakupaza sauti sana. Alisimama tu hapo, na mkono mmoja ukashuka, na mwingine, mpaka watu wakaanza kuona haya. Nikiziona chembe hizo kwenye mashine yetu, vitone vichache vya kijani katikati ya vingi vyekundu, namkumbuka yule mama.

Sasa kuhusu mtoto. Mimba ikiingia, chembe za kutuliza huongezeka, na nyingi hukusanyika kwenye mji wa mimba. Baadhi yazo hujifunza hasa alama za baba wa mtoto na kuzikubali. Kwa maneno mengine, mwili wako sasa unajifunza kumvumilia Mogire, jambo ambalo wewe ulilimaliza zamani. Na kondo la nyuma nalo lina maneno yake ya upole. Mgeni anaishi ndani ya mtu miezi tisa, anakula chakula chake, na hafukuzwi. Mimi ni mtu wa maabara, si mtu wa kulia ovyo, lakini jioni niliyoelewa hilo daftari langu lililowa.

Basi mwili wako una hazina hiyo, wifi. Uamini. Pima presha, kunywa maji, usibebe vitu vizito.

Msalimie Mogire.

Emmah Akong'o


Ekerenyo,
6 Aprili 2025

Mpendwa Mama Natasha,

Salamu nyingi. Mvua imekuja, nasi tumefunga shule. Mboga ya chinsaga imeota hadi kwenye njia ya choo. Natasha alikuwa na mafua lakini amepona. Mama alimkanda mgongoni siku tatu kwa maji ya moto. Bosire amejifunza kusonga ugali usio na madonge.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hadi mkunjo wa katikati umeanza kukatika. Ile sehemu ya yule mama muuza ndizi nilimsomea Mogire, na yeye akaniomba niirudie. Miaka minne nimekuwa nikiuona mwili wangu kama mbwa aliyemuuma bwana wake. Sikujua kwamba humo ndani kuna wanaonitetea. Siku hiyo nilioga nikajitazama, na kwa mara ya kwanza sikujichukia.

Nataka nikuambie kitu na usikasirike. Vidonge nimeviweka kando tangu tarehe kumi na nane Machi. Viko kwenye kopo juu ya kabati. Umesema mwenyewe kwamba mimba ikiingia zile za kutuliza huongezeka, na kwamba niuamini mwili. Nikafikiri, kama mwili umeanza kujituliza wenyewe, kwa nini nimlishe mtoto dawa kila asubuhi? Na kweli, wifi, magoti hayaumi. Nalala vizuri. Miguu inajaa kidogo jioni, lakini ndivyo walimu tulivyo.

Nakuomba usimwambie mtu, hasa Bosire. Bosire akijua, Mama amejua.

Swali langu la pili hukulijibu. Nimeliona hilo.

Nyaboke


Moshi,
21 Aprili 2025

Nyaboke,

Barua yako imenifikia juzi. Hii nampa mtu wa kwetu anayesafiri leo kwenda Kisii, lakini ukiisoma Bosire atakuwa amekwisha kufika kwako, kwa sababu nimempigia. Nilikupigia wewe kwanza, mara sita. Simu yako ilikuwa imezimwa. Mogire naye hakupatikana. Uliniomba nisiseme, na nimesema.

Vidonge virudishwe, lakini usivimeze kwa kubahatisha. Nenda na Bosire kwa daktari wako leo hii, apime mkojo, apime presha, aseme yeye uanzie wapi. Miguu kujaa si ualimu.

Kosa ni langu. Nilikuandikia kama mwanafunzi aliyependa somo lake. Nilisifu zile chembe nikasahau naandikia nani. Kwa mtu mwenye lupasi, yule mama wa ndizi mara nyingi huchelewa kufika, au hufika na sauti yake haisikiki. Vidonge vyako ni watu wa kumsaidia kushika mikono ya wenye mawe. Mimba haiviondoi. Hilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa barua yangu, na halikuwamo kabisa.

Nikasirikie, lakini nenda.

Emmah


Moshi,
8 Juni 2025

Wifi yangu,

Wiki saba sasa. Bosire ananiambia ulilazwa, ukatoka, ukarudi tena, na kwamba mtoto anacheza. Nikimuuliza kama umenitaja anasema mtandao ni mbaya. Mume wangu hajui kudanganya.

Sitakuomba msamaha kwa kusema. Nitakujibu lile swali la pili. Uliniuliza kama ningekuwa wewe ningemwambia Mama. Sikulijibu kwa sababu nilikwisha kuwa wewe, na sikusema.

Mwaka wa 2019 nilikuwa bibi harusi wa miezi kumi pale Kiogoro. Unajua Mama alivyokuwa. Hakuwahi kunitukana, ila mke wa Kijaluo hakuwa ndoto yake, na chakula nilichopika alikuwa anakionja na kukisogeza. Wewe ndiye uliyekuwa unakuja Jumapili, unakaa karibu nami, unakula hadi unalamba kidole. Nikapata mimba. Mwezi wa saba wa mimba kichwa kikaanza kuuma, macho yakawa yanaona vimulimuli, miguu ikajaa. Nilifanya kazi maabara, Nyaboke. Kila siku nilikuwa napima mkojo wa wanawake wengine. Wangu sikuupima. Sikutaka Mama aseme Bosire ameleta mtu mgonjwa nyumbani. Nilipoanguka jikoni ilikuwa imechelewa. Mtoto alizaliwa amekufa. Alikuwa wa kiume. Nilimpa jina la baba yangu, Orwa, na Bosire akamzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba, yeye na mimi tu. Ninyi mliambiwa mimba imeharibika. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja jambo hilo pale nyumbani, na mimi mwenyewe nililinyamazia hadi likawa kama halikuwapo.

Kwa hiyo uliposema miguu imejaa na nisimwambie mtu, sikuwa na namna mbili.

Kuna jambo moja zaidi. Mwezi uliopita mwalimu alikuwa anafundisha kuhusu mimba, na akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba chembe chache za mtoto huvuka na kuingia kwenye damu ya mama, na zinaweza kubaki humo miaka na miaka. Zimepatikana kwa wanawake ambao watoto wao ni watu wazima. Zimepatikana hata kwa wale ambao watoto hawakuishi. Mwili unazijua kuwa si zake, na unaziacha zikae. Niliomba ruhusa nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi. Mwanafunzi mwenzangu, dada mmoja wa Tanga, akanifuata akaniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia hapana, nimepata habari za mwanangu.

Ni hayo tu. Kama hutaki kuniandikia, mpe Bosire neno moja anifikishie.

Emmah Akong'o


Ekerenyo,
29 Juni 2025

Mama Natasha,

Tuko salama. Nakuandikia nikiwa nimelala kwa ubavu wa kushoto, kama nilivyoagizwa, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Nitakueleza yote kwa mpangilio. Bosire alifika siku ileile uliyompigia, akiwa na pikapu ya jirani yake wa dukani. Sikumpigia kelele. Nilimwambia niko sawa, akasema, "Sawa, basi twende ukamwambie daktari." Akakaa kwenye kiti cha mlangoni, hakula, hakunywa. Saa mbili nzima. Nikavaa viatu ili aondoke kwangu.

Hospitalini mjini Kisii nilipewa kikopo. Mkojo ulikuwa na povu kama sabuni. Nilikuwa nimeliona povu hilo wiki nzima na sikukuandikia. Presha ilikuwa juu. Daktari hakunigombeza, na hilo lilinikata zaidi. Aliniuliza, "Mwalimu, nani alikwambia uache dawa?" Nilikuwa na barua yako mkobani. Nikasema hakuna, ni mimi.

Walinilaza siku kumi na moja. Vidonge vikarudi, na vile vidogo vinavyovimbisha uso vikaongezwa. Moyo wa mtoto walikuwa wanaupima kila baada ya wiki mbili, kwa sababu damu yangu ina kingamwili zinazoweza kuvuka na kuugusa. Kila mara walipoweka kile chombo tumboni nilikuwa nahesabu sekunde hadi niusikie unapiga. Mpaka sasa unapiga sawasawa.

Siku ya tatu Mama alikuja wodini. Bosire alikuwa amemwambia. Nilitarajia maneno, wifi. Alikaa, akafungua kitambaa, akanipa ndizi ya kuchemsha, akaniuliza lupasi ni nini. Nikamweleza kwa Ekegusii, nikitumia maneno yako, tezi ya kifuani, chembe zinazopimwa, yule mama wa soko. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Miaka minne nakupa mafuta ya baridi ya mifupa, na wewe unaniangalia tu?" Akalia. Sikuwahi kumwona analia isipokuwa siku ya mazishi ya Baba.

Kuhusu kukunyamazia. Nilikuwa na hasira, ndiyo. Nilikuomba usiseme, na ukasema. Baadaye, hasira ilipoisha, ikabaki aibu, kwa maana nilikuwa nimechukua mstari mmoja uliokuwa unanipendeza nikaacha akili yangu. Mimi ndiye ninayewaambia wanafunzi wasome hadi nukta ya mwisho. Barua yako ya juu ya Orwa ndiyo iliyoniondolea aibu. Niliisoma Mogire akiwa shambani, na alipoingia alinikuta nimeikumbatia akadhani kuna msiba.

Nilikula chakula chako kwa sababu kilikuwa kitamu. Sikujua kwamba ulikuwa unahesabu Jumapili.

Naomba ruhusa yako nimwambie Mama kuhusu Orwa. Usiponijibu, sitasema.

Nyaboke


Moshi,
31 Agosti 2025

Wifi yangu,

Mwambie. Nilikujibu kwa simu, lakini nataka iwe kwenye karatasi pia.

Ulinipigia siku aliyozaliwa mtoto ukalia tu, sikusikia hata neno, na mimi nikalia nikiwa kwenye foleni ya kulipia chakula. Watu wote wakanipisha. Wiki thelathini na tano, kilo moja na gramu mia tisa, na tayari ana sauti ya kugombana na wauguzi. Damaris ni jina zuri. Mama yake Mogire angefurahi kama angekuwapo.

Bosire amenitumia picha na swali lako kuhusu yale madoa mekundu yaliyomzunguka mtoto macho. Umemwonyesha daktari na amekueleza, lakini unataka niseme na mimi. Sawa, na safari hii nasema mpaka nukta ya mwisho.

Kila mama humpa mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, ziwe akiba yake mpaka atengeneze zake. Ni mojawapo ya zawadi kubwa za mwili. Katika akiba uliyompa Damaris, nyingi ni za kumlinda, na chache ni zile zako zenye kosa. Hizo chache ndizo zinazofanya madoa. Moyo wake umepimwa na ni mzima. Mwili wake mwenyewe hautengenezi kingamwili hizo mbaya. Unazo zile za kukopeshwa tu, nazo zinachakaa. Kufikia miezi sita au minane zitakuwa zimekwisha, na madoa nayo. Mkinge na jua, mpeleke kliniki kila siku uliyoandikiwa. Mengine ngozi yake itayamaliza yenyewe.

Sasa wewe. Mtoto akizaliwa, zile chembe za kutuliza hupungua tena, na lupasi hupenda kurudi wakati huo. Vidonge vyako daktari amekuambia vinakwenda pamoja na kunyonyesha. Meza kila siku. Usipoumwa, meza. Ukifurahi, meza. Nimepigia mstari, na kama ungekuwa karibu ningekuandikia mkononi.

Nakustaajabia, Nyaboke. Hapa tunakaa na vitabu vinene kujifunza jinsi mwili unavyombeba mtu mwingine bila kumdhuru. Wewe umefanya hivyo kwa mwili ambao umesahau kuwatambua hata watu wake.

Emmah Akong'o


Ekerenyo,
22 Februari 2026

Mpendwa wifi,

Natumai hujambo na kwamba ule utafiti wako unakaribia kuisha. Huku ni kiangazi kifupi, lakini ndizi ni nyingi na chai inachumwa. Mogire sasa analala nyumbani siku nne kwa wiki. Ameomba zamu nyingine kiwandani, na anambeba mtoto kwa mkono mmoja kama chupa ya maziwa. Nilirudi darasani Januari. Wanafunzi wangu waliniuliza kama nimemaliza kuugua. Nikawaambia huu ni ugonjwa wa kuishi nao, na kwamba ninameza dawa kila asubuhi, na mmoja akasema nyanya yake pia hufanya hivyo kwa sukari, kisha tukaendelea na ngeli.

Mwezi wa kumi na moja magoti yalirudi, pamoja na vidole. Niliogopa. Sikuficha, nilikwenda kesho yake, wakanirekebishia dawa, na baada ya wiki tatu nikatulia. Mkojo ni safi.

Madoa ya Damaris yalianza kufifia Krismasi. Nilikuwa namtazama kila asubuhi mlangoni penye mwanga, nikidhani najidanganya. Wiki iliyopita nilimtazama tena, na ngozi yake ilikuwa safi, nyororo, haina hata alama. Hakuna aliyempaka kitu. Ulisema zitachakaa na zimechakaa. Nilimpeleka kliniki, na muuguzi aliyemwona mwezi wa tisa aliniuliza kama ni mtoto yuleyule.

Jana tulikuwa Kiogoro. Natasha anaandika jina lake lote sasa, na amemfundisha Damaris kutoa ulimi. Nilimwambia Mama kuhusu Orwa mwezi wa tisa, kama ulivyoruhusu. Sikukuandikia alichosema kwa sababu hakusema kitu. Aliinuka akaenda kulisha kuku. Nilifikiri labda nimekosea kumwambia, nikanyamaza, na ndiyo sababu umekaa muda mrefu bila barua yangu.

Jana mchana nilimtafuta nimpe mtoto ili nioge. Nilimkuta nyuma ya nyumba, kando ya migomba, amepiga magoti. Alikuwa anang'oa magugu kwa mkono. Mahali penyewe pamezungushiwa mawe madogo, na kwa jinsi udongo ulivyo laini, hiyo haikuwa siku ya kwanza. Bosire ananiambia Mama amekuwa akienda pale kila Jumamosi tangu mwezi ule wa tisa, na amemkataza asikwambie.

Nilisimama na mtoto. Mama hakugeuka. Aliniuliza, "Unamwandikia lini?"

"Nani?"

"Mama Orwa."

Nikasema kesho. Akafuta mikono kwenye leso, akampokea Damaris, akamweka mapajani palepale kwenye nyasi.

"Mwambie akimaliza shule arudi," akasema. "Mwambie mwanawe nimemtunzia."

Nimeandika kama alivyosema.

Wifi yako,
Nyaboke